Kwa Luba: Milki ya Bunya na Ulinzi wa Mlango wa Ziwa, Kusini mwa Busoga

Ikisiri

Bunya, milki ya kale ya Wasoga kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, imetajwa mara nyingi katika maandishi ya historia ya Uganda, lakini karibu kila mara kwa sababu ya mambo yaliyowapata wageni: kuuawa kwa Askofu James Hannington mwaka 1885, uasi wa askari wa Kisudani mwaka 1897, na mlipuko wa malale uliofuata. Makala hii inayachunguza matukio hayo kwa kuanzia upande wa milki yenyewe. Inadai kwamba yote matatu yalihusiana na kazi moja ya kisiasa ambayo Bunya iliifanya kabla ya ukoloni, yaani kuulinda mlango wa ziwa kati ya nchi za mashariki na Buganda. Na kwamba jina ambalo misafara ya pwani iliipa nchi hiyo limechangia kuificha nyuma ya mtawala wake.

Nchi na jina lake

Masimulizi ya Busoga huanzia mashariki. Kintu na Mukama, mashujaa wawili ambao mapokeo huwahusisha na chimbuko la tawala za eneo hili, husemwa kuwa walitokea upande wa Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba na ambao mkono wake wa magharibi, Wanale, umesimama juu ya mji wa Mbale. Mukama, akiwa njiani kuelekea Bunyoro, aliwagawia wanawe nchi: Wakooli akapewa Bukooli, Zibondo akapewa Bulamogi, Ngobi akapewa Kigulu, Tabingwa akapewa Luuka, na mdogo wao Kitimbo akapewa Bugabula. Bunya haimo katika mgao huo. Msomaji wa haraka anaweza kulipita jambo hili, lakini uzito wake utaonekana mbele.

David William Cohen, katika utafiti wake wa mapokeo ya Busoga uliochapishwa mwaka 1972, aliitenganisha mikondo hiyo miwili ya masimulizi. Ule wa Mukama una nguvu zaidi kaskazini, katika nchi kavu za ulezi na ng'ombe, na unabeba kumbukumbu ya wahamiaji wenye asili ya Kilwo. Ule wa Kintu umeshikamana zaidi na kusini, na migomba na ziwa. Bunya ni nchi ya mkondo wa pili. Mvua yake ni ya kutosha, ndizi zake hustawi, na watu wake waliishi kwa mtumbwi kama walivyoishi kwa jembe. Haikuwa chini ya mfalme yeyote wa Busoga nzima, kwa kuwa mfalme wa namna hiyo hakuwapo. Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, alihesabu tawala zinazojitegemea takriban 15 kabla ya kuja kwa Waingereza. Nyingine zilikuwa kubwa, nyingine hazizidi vijiji vichache.

Katika Lusoga nchi huitwa Bunya, ambayo siku hizi huandikwa pia Bunha, na mtawala huitwa Luba: maneno mawili kwa vitu viwili. Misafara ya pwani ilikuwa na desturi yake. Wapagazi na wafanyabiashara walikitaja kituo kwa jina la mwenyeji aliyewauzia chakula na kupokea hongo, wakasema kwa Mumia, kwa Sundu, kwa Luba. Ikumbukwe kuwa hongo wakati huo haikuwa rushwa. Ilikuwa ada halali ya kupita katika nchi ya mtu, na asiyeitoa ndiye aliyehesabiwa mkosaji. Wazungu waliofuata njia hizo walitegemea Kiswahili cha watu hao, na majina yao yakaingia katika ramani na ripoti jinsi yalivyosikika. Hivyo ndivyo jina Uganda, ambalo ni tamko la Kiswahili la Buganda, lilivyokuja kuwa jina la taifa. Na ndivyo Bunya ilivyoingia katika maandishi ya Kizungu kama mahali pa mtu mmoja, Luba, ambaye jina lake liliandikwa zaidi kuwa Lubwa.

Kwa msafiri desturi hiyo ilifaa, maana alitaka kujua nani wa kumlipa. Kwa mwanahistoria ina hasara yake. Inamfanya mtawala aonekane kuwa ndiye nchi, na matendo ya milki yageuke tabia za mtu.

Mlango

Ukitazama ramani utaiona Bunya imekaa mahali penye faida na hatari kwa pamoja. Mbele yake kusini-magharibi kuna visiwa vya Buvuma. Magharibi yake, katika nchi ya Butembe, ziwa humwaga maji yake katika Mto Nili, pale ulipo mji wa Jinja. Mtu aliyetoka mashariki kwa miguu akitaka kufika Buganda alikuwa na njia mbili kubwa: kuzunguka hadi vivuko vya Nili, au kushuka ufukweni mwa Bunya na kuomba mitumbwi. Aliyekuwa na mitumbwi ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Katika karne ya 19 Buganda iliutambua ufunguo huo. Watawala wa kusini mwa Busoga walipeleka kwa Kabaka pembe za ndovu, ng'ombe na watumwa, na warithi waliogombea kiti walizoea kuomba msaada wa majeshi ya Kiganda dhidi ya ndugu zao. Kila msaada uliongeza deni. Tawala za kaskazini zilielekea zaidi Bunyoro. Bunya haikuwa na uchaguzi huo, kwa sababu upande mmoja ilimlipa Kabaka na upande wa pili iliishi mkabala na watu wa Buvuma, mabaharia hodari ambao Mutesa I aliwapiga vita mwaka 1875 mbele ya macho ya Henry Morton Stanley na asiwashinde kwa wepesi. Visiwa hivyo havikutiishwa kabisa hadi mwaka 1893, Buganda ilipopigana ikiwa na Waingereza.

Luba wa Bunya, basi, alikuwa bawabu. Hakuwa mtumishi wa nyumba, kwa sababu alikuwa na nchi yake, mahakama yake na ukoo wake; hata hivyo alijua kuwa Kabaka angemuuliza kila aliyeingia.

Siku nane za Oktoba 1885

Hannington alitawazwa mwaka 1884 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika Mashariki ya Ikweta. Alitoka Rabai, karibu na Mombasa, Julai 1885, akaamua kufuata njia fupi inayokatiza nchi ya Wamaasai badala ya ile ya zamani ya kusini mwa ziwa. Alipofika kwa Sundu, pajulikanapo sasa kuwa Mumias, aliwaacha watu wake wengi chini ya shemasi Mwafrika William Jones, akaendelea na wapagazi wapatao 50. Aliingia kwa Luba tarehe 21 Oktoba. Aliuawa tarehe 29 Oktoba pamoja na karibu wapagazi wote. Wanne tu walinusurika.

Vitabu vya kimisheni vilivyofuata vilimchora Luba kuwa mlevi na mnyang'anyi, na sababu yake ni rahisi kuielewa, maana chanzo kikuu ni shajara ya Hannington mwenyewe, iliyoandikwa na mtu aliyefungwa, mgonjwa na mwenye hofu. Shajara hiyo, hata hivyo, ina ushahidi ambao waandishi hao hawakuutumia. Luba kwanza alidai bunduki kumi na mapipa matatu ya baruti. Hilo ni dai la hongo. Ni kubwa mno, lakini ni la aina ileile ambayo kila msafara uliizoea, na huanzisha majadiliano ambayo kwa kawaida huishia kwa mgeni kulipa sehemu na kupita. Mtawala aliyekwisha kuamua kuua hana haja ya kupatana bei. Inaelekea kuwa siku ile ya kwanza Luba alimwona Hannington kama mkuu wa msafara kama wakuu wengine.

Kisha mambo yakabadilika. Askofu alikamatwa na kufungiwa, na siku zikapita. Kwa nini siku nane? Jibu limo katika jiografia: huo ndio muda wa kumpeleka mjumbe hadi mji mkuu wa Kabaka ng'ambo ya Nili, shauri lijadiliwe, na mjumbe arudi. Katika mji huo wamisionari Alexander Mackay na Robert Ashe walipata habari za kuzuiwa kwa Mzungu huko Busoga kabla hajauawa, wakahangaika kumfikia Mwanga bila mafanikio. Kwa maneno mengine, kesi ya Hannington ilisikilizwa Buganda, naye mshtakiwa akiwa Bunya. Luba alimshikilia mfungwa hadi amri ilipofika.

Mwanga alikuwa amekalia kiti kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kutwaa nchi upande wa pwani, na habari zao zilimfikia. Ilikuwapo pia imani ya zamani kwamba watakaoila Buganda wangetokea mashariki, kwa mlango wa nyuma. Hannington, bila kujua, alikuja kwa mlango huohuo. Kumruhusu apite kungekuwa kwa Luba kosa la uhaini. Kumrudisha alikotoka kwa hiari yake mwenyewe kungekuwa kumnyang'anya Kabaka uamuzi. Bawabu aliyeonywa kuhusu mlango mmoja, kisha akamkuta mtu mlangoni, hana nafasi kubwa ya huruma. Kusema hivyo hakumwondolei Luba lawama. Wapagazi waliouawa, wengi wao watu wa pwani waliojiajiri kubeba mizigo, hawakuwa na habari za Wajerumani wala za utabiri, na majina yao hayakuandikwa kwenye makaburi. Hata hivyo, tendo lile lilikuwa la kidola, la milki ndogo iliyotekeleza wajibu wake kwa milki kubwa.

Mabaki ya Hannington yalizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Kufikia wakati huo mlango ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Ngome

Frederick Lugard alipita Busoga mwishoni mwa mwaka 1890, na mwaka uliofuata akarudi kutoka pande za Ziwa Albert na mabaki ya askari wa Kisudani wa Emin Pasha, pamoja na wake, watoto na wafuasi wao. Busoga iliingizwa rasmi katika himaya ya Waingereza mwaka 1896. Kituo chao kikuu cha mapema hawakukijenga Jinja. Walikijenga kwa Luba, huko Bukaleba, na askari wakawa hao Wasudani. Sababu za kukichagua mahali hapo ni zilezile zilizokipa kiti cha Luba thamani: bandari ya mitumbwi, chakula kingi, na njia ya mashariki.

Septemba 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika msafara wa Meja J. R. L. Macdonald waliasi huko Eldama Ravine. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mishahara midogo na kutenganishwa na familia zao. Wakaelekea magharibi, wakaungana na wenzao katika ngome ya kwa Luba. Meja Thruston, aliyewaamini askari wake kiasi cha kwenda mwenyewe kuwatuliza, alikamatwa. Yeye, Norman Wilson na fundi wa mashua aitwaye Scott waliuawa tarehe 19 Oktoba, baada ya pambano kali kilimani nje ya ngome. Kuzingirwa kwa ngome kuliendelea hadi Januari 1898, waasi walipovuka maji na kuelekea kaskazini, ambako walishindwa huko Kabagambe mwezi Februari. Miongoni mwa waliokufa wakati wa mzingiro ni George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, aliyepigwa risasi Desemba 1897.

Yote hayo yameandikwa kwa kina na maofisa waliokuwapo. Kisichoandikwa ni migomba. Ngome ilizingirwa kwa takriban miezi mitatu, na waliozingira walikuwa pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kiganda. Watu wa idadi hiyo hula, na hula cha mwenyeji. Mwishoni mwa muongo huo ukame na njaa viliikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na Busoga haikusalimika. Bunya iliingia karne ya 20 ikiwa imedhoofika kwa vita ambavyo havikuwa vyake.

Malale

Februari 1901 madaktari ndugu Albert na Howard Cook wa hospitali ya misheni huko Mengo waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Ukingo wa kusini wa Busoga na visiwa vilivyo mbele yake viliathirika mapema na vibaya mno. Tume ya kitaalamu kutoka Uingereza ilifika mwaka 1902. Aldo Castellani akaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce, aliyefika mwaka 1903, akathibitisha kuwa waenezaji ni mbung'o wa kandokando ya maji. Kufikia mwaka 1906 makadirio ya vifo katika Uganda yalizidi 200,000.

Wapo waliodai zamani kwamba ugonjwa uliletwa na Wasudani wa Emin Pasha kutoka mipaka ya Kongo. Uchambuzi wa baadaye wa kumbukumbu za hospitali umependekeza kuwa sehemu kubwa ya mlipuko huo huenda ilitokana na aina ya vimelea ya mashariki, yenye kasi zaidi, ambayo hukaa pia katika ng'ombe na wanyama wa porini. Mjadala huo ni wa wanasayansi. Kwa historia ya Bunya linalohusika zaidi ni mahali. Mbung'o hao hupenda vichaka vya ufukweni, penye kivuli na maji, na watu wanaoumwa nao ni wale wanaoshuka huko kila siku: mvuvi, mchota maji, mpiga kasia, askari wa bandarini, msafiri anayengoja mtumbwi. Vituo vya mitumbwi vilivyoijengea Bunya heshima vilikuwa ndivyo vituo vya maambukizi. Nchi isiyo na vivuko ingeumia kidogo zaidi.

Kuanzia mwisho wa mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliagiza watu waondolewe ufukweni, kwanza katika ukanda wa maili mbili. Katika miaka miwili au mitatu iliyofuata ukingo wa Busoga na visiwa vya Buvuma vilibaki bila wakazi. Nyumba zilichomwa, mitumbwi ikapigwa marufuku, mashamba yakaachwa yarudi kuwa pori. Kwa upande wa tiba agizo hilo linaweza kutetewa, kwa kuwa dawa ya uhakika haikuwapo na vifo vilipungua. Lakini kwa milki ambayo maana yake ilikuwa ufukwe, lilikuwa agizo la kuivunja. Makaburi ya watawala, mahali pa matambiko na mipaka ya ardhi ya koo vyote vilibaki ndani ya eneo lililokatazwa. Mtaka, mkuu wa ukoo mwenye dhamana ya ardhi, aliyehamishiwa Kigulu au Luuka alikuwa mgeni wa mtaka mwingine.

Mwaka huohuo wa 1906 Waingereza walimleta Jinja Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeiteka sehemu kubwa ya mashariki na kuujenga mji wa Mbale chini ya Wanale, ili awe rais wa Lukiiko la Busoga. Kwa mara ya kwanza watawala wa Busoga waliketi katika baraza moja chini ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mganda. Aliondolewa mwaka 1913, akarudi Mbale, ambako baadaye aliasisi jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya. Historia za Busoga, kuanzia ile ya Y. K. Lubogo iliyochapishwa mwaka 1960, hukitazama kipindi chake kama mwanzo wa umoja wa Wasoga. Ni kweli. Lakini katika baraza hilo mtawala alipimwa kwa idadi ya watu na kodi aliyoleta, na Luba aliingia humo wakati watu wake wakitawanywa.

Cheo na ardhi

Mwaka 1939 Ezekiel Wako, Zibondo wa Bulamogi, akawa Isebantu Kyabazinga wa kwanza. Busoga ilikuwa sasa na mkuu mmoja, aliyechaguliwa. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta vyeo vyote vya jadi nchini; vilirejeshwa mwaka 1993, na Henry Wako Muloki akatawazwa tena tarehe 11 Februari 1995.

Kusini, pori lilikuwa na historia yake. Mbung'o walibaki, na malale yalizuka tena katika miaka ya 1940 na tena kuanzia mwaka 1976. Sehemu ya nchi ya zamani ya Bunya ikawa hifadhi ya misitu. Watu waliporuhusiwa kurudi, walirudi polepole na kwa mchanganyiko: wazao wa waliohamishwa, wavuvi kutoka kila pembe ya ziwa, na wakulima kutoka wilaya nyingine. Migogoro ya ardhi katika eneo hilo ina mzizi mmojawapo hapo. Mwenye kudai kwa ukoo na mwenye kudai kwa kulima wote wana hoja, na kizazi kile kilichoweza kuonyesha mpaka kwa kidole kilihamishwa kabla ya mipaka kuandikwa. Jina Bunya limebaki kuwa la kaunti katika Wilaya ya Mayuge, iliyoundwa mwaka 2000. Kila tarehe 29 Oktoba mahujaji hufika Kyando, ndani ya wilaya hiyo, kumkumbuka Hannington.

Luba bado yupo. Ni mmoja wa watawala 11 wa jadi wanaounda baraza la Busoga, na kura yake huhesabika sawa na ya Gabula au ya Zibondo anapotafutwa Kyabazinga. Lakini kiti chenyewe huwaniwa na wana wa nyumba tano tu, zile za Bulamogi, Bugabula, Kigulu, Luuka na Bukono, zinazojihesabu kuwa za ukoo wa Ngobi na uzao wa Mukama. Mtawala wa Bunya, ambaye nchi yake haikutajwa katika mgao wa Mukama, huchagua, hachaguliwi.